Maswali ya Wasomaji: Bushi za Vali na Gasketi za Injini za Zamani

Swali kutoka Kadutu, Bukavu: Mzee wetu, salamu. Nina pikipiki ya FN ya silinda moja, yenye vali za juu, niliyoachiwa na babu. Ninapoteremka kutoka Kadutu kwenda Nyawera nikiwa nimerudisha mkono wa gesi, kisha nikauvuta tena nikifika chini, inatoa wingu la moshi wa buluu. Fundi mmoja anasema ringi za pistoni zimekwisha. Mwingine anasema ni bushi za vali, na kwamba anaweza kuzitoa kwa nyundo siku hiyo hiyo. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, mteremko umekwisha kukupa sehemu kubwa ya jibu. Mkono wa gesi unaporudishwa huku injini ikiendelea kuzungushwa na magurudumu, mvuto mkali hutokea katika njia ya hewa, nao hunyonya oili kupitia mwanya ulio kati ya shina la vali ya kuingiza na bushi yake, yaani kibomba kinacholiongoza shina hilo. Ukivuta gesi tena, oili iliyokusanyika huungua yote kwa pamoja. Ringi zilizochoka hutoa moshi zaidi injini inapobeba mzigo, yaani unapopanda. Fundi wa pili ameutambua ugonjwa, lakini nyundo yake ikatae.

Kwanza pima. Ondoa vali, usafishe shina lake, ulipime kwa maikromita juu, katikati na chini, kwa sababu haliliki sawasawa. Bushi nayo hupanuka zaidi kwenye ncha zake mbili kuliko katikati. Katika injini nyingi za zamani mwanya wa mm 0.03 hadi 0.05 kwa vali ya kuingiza, na mkubwa kidogo kwa vali ya kutolea moshi kwa kuwa hiyo hupata joto zaidi, ni wa kawaida. Ukikuta mm 0.15, hakuna la kujadili.

Kisha gusisha sumaku kwenye kichwa cha silinda. Isiponata, kichwa ni cha aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kalibu. Hapo ndipo ilipo siri ya kazi yote: kichwa kikipashwa joto kizima hadi nyuzi 150 au 180, tundu hulegea na bushi hutoka bila kuchubua kitu, ilhali ikigongwa kikiwa baridi hulikwaruza tundu lote njiani, na bushi mpya haitashika tena. Tanuri la mikate linafaa sana, kwa sababu hupasha pande zote. Moto wa gesi unaoelekezwa mahali pamoja hupinda kichwa. Kabla ya hapo kwangua masizi yote yaliyoganda kwenye ncha ya bushi inayoonekana ndani ya njia ya moshi. Watu wengi huliruka jambo hili, na masizi hayo, ambayo ni magumu ajabu, ndiyo yanayochimba mifereji tunduni bushi inaposukumwa. Mwombe fundi mkereza akutengenezee kisukumio chenye ngazi mbili: ncha nyembamba iingie ndani ya bushi, na bega lake lisukume ukingo.

Bushi mpya iwe nene kuliko tundu lake kwa mm 0.03 hadi 0.05, na ilazwe kwenye barafu wakati kichwa kikiwa tanurini. Chagua chuma cha kalibu au bronzi ya fosfori. Shaba ya njano ya mabomba ya maji, ambayo wakereza wetu huwa nayo karibu, huisha upesi na inaweza kuikamata vali ikiwa moto; hata ukipewa bure, usiikubali. Baada ya kupoa, bushi hupitishwa rima (kifaa chenye makali cha kupanua tundu hadi kipimo sahihi) kwa mkono, rima hiyo ikizungushwa upande wa saa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka pia, maana kuirudisha nyuma huyafanya makali yake yawe butu.

Wala kazi haijaisha. Bushi mpya haikai kamwe katikati kabisa ya kiti cha zamani, yaani mahali vali inapokaa inapofunga, kwa hiyo ni lazima kiti kikatwe upya, kwa kawaida kwa pembe ya nyuzi 45, ndipo vali isagwe kwa unga wa kusagia. Mimina mafuta ya taa kwenye njia ya hewa na usubiri: yasipovuja kwenye vali, umefika. Fundi asiyekuwa na kifaa cha kukata viti asipewe kazi ya bushi.

Swali kutoka Goma: Honda yangu ya silinda mbili ya miaka ya 1970 inavuja oili chini ya kichwa. Nimeshauriwa kukata gasketi nene ya shaba nyekundu. Je, itafaa?

Jibu: Kwa injini yako, hapana. Shaba tupu huzuia vizuri moto wa silinda, na katika injini ya silinda moja ambayo oili hupanda kichwani kwa bomba la nje ni chaguo zuri. Yako oili hupita ndani ya gasketi yenyewe, pamoja na tundu la mnyororo wa kemshafti (mhimili unaofungua vali), na shaba haijazi mikwaruzo midogo ya sehemu hizo. Tafuta gasketi ya tabaka yenye ukingo wa chuma, na uweke ringi mpya za mpira kwenye njia za oili.

Unene nao una gharama. Chukua silinda yenye kipenyo cha mm 56 na ujazo wa sentimita za ujazo 125: ukiongeza mm 0.5 ya gasketi, uwiano wa mgandamizo wa 9.5 kwa 1 hushuka hadi karibu 8.8. Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako kanieneo ya hewa tayari imepungua kwa takriban asilimia 15; huna mgandamizo wa kupoteza.

Laza rula ya chuma juu ya kichwa: bamba jembamba la chuma la kupimia mianya, la mm 0.05, likipita chini yake, kichwa kisawazishwe kwanza. Gasketi ya zamani huenda ina asbesto, ambayo vumbi lake huua mapafu, basi ilowanishe kabla ya kuibandua, na usiipulize kamwe kwa kompresa.

Swali kutoka Lubumbashi: Je, gasketi ya shaba inaweza kutumiwa tena?

Jibu: Ndiyo, ikiwa haijapasuka. Kugandamizwa huifanya ngumu, kwa hiyo ipashe moto mahali penye kivuli hadi iwe nyekundu ya giza, uitie majini, kisha uipanguse kwa msasa laini. Rudia hivyo kila kichwa kinapofunguliwa, na ukaze nati kwa awamu, ukivuka kila mara kutoka nati moja hadi ile iliyo mkabala nayo.