Kwa Anayeanza Kukusanya Matangazo ya Kale ya Tamthilia

Wengi wanaoanza kukusanya matangazo ya kale ya tamthilia huvutwa na jina la mtu, na hakuna jina linalovuta kama la John Wilkes Booth, mwigizaji aliyempiga risasi Rais Abraham Lincoln katika ukumbi wa Ford's Theatre mjini Washington, usiku wa tarehe 14 Aprili 1865. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usilinunue tangazo la usiku huo. Nakala za kuiga zilianza kuuzwa muda mfupi baada ya mauaji, na kwa kuwa nyingi zilichapwa kwa herufi za madini ya risasi katika karne hiyohiyo, ukongwe wa karatasi peke yake hauthibitishi lolote. Zaidi ya hayo, matangazo halisi ya siku hiyo yenyewe yalikuwa ya aina mbili, moja likiwa na aya iliyoongezwa kuhusu wimbo wa kizalendo. Tena jina la Booth halimo katika orodha ya waigizaji, kwani usiku ule hakuigiza. Akikuletea mtu karatasi inayomtaja jukwaani usiku huo, mrudishie.

Yanayofaa zaidi kutafutwa ni matangazo ya jioni za kawaida. Tarehe 9 Novemba 1863 Lincoln mwenyewe alimtazama Booth akiigiza katika ukumbi uleule, na tarehe 25 Novemba 1864 Booth alisimama jukwaani New York pamoja na ndugu zake Edwin na Junius katika tamthilia ya Julius Caesar, yeye akiwa Mark Antony. Karatasi za namna hii ndizo ninazozipenda, kwa sababu zinamwonyesha akiwa mtu wa kazi miongoni mwa wenzake, kabla jina lake halijawa la muuaji.

Sisi tulioko Lamu hununua kwa picha, hatupati nafasi ya kuishika karatasi kwanza. Kwa hiyo mwombe muuzaji picha za pande zote mbili, na moja iliyopigwa taa ikiwa imelazwa ubavuni, ili uone kama herufi zimebonyea katika karatasi. Herufi zilizoundwa kwa nukta ndogondogo ni dalili ya nakala iliyotokana na picha. Kisha linganisha na nakala zilizohifadhiwa katika maktaba kubwa, kama Maktaba ya Bunge la Marekani, ukikagua herufi zilizovunjika mojamoja. Dai pia maelezo ya wamiliki waliotangulia, kwa maandishi.

Ikishafika, usiiweke kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, hata kama zinapendeza. Kuta zetu za matumbawe na chokaa hushika unyevu na chumvi, na wakati wa masika karatasi hujikunja na kuota ukungu. Ilaze bapa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, katika sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni ili mchwa wasiifikie, mbali na ukuta na jua la dirishani. Usiitie gundi wala utepe wa kunata hata ikiwa imechanika, kwani doa la utepe halitoki. Risiti na maelezo ya umiliki yahifadhi mahali pengine, na uandike nyuma ya bahasha, kwa penseli na kabla hujaitia karatasi ndani, tarehe uliyonunua na jina la aliyekuuzia.