Swali la Lugha: Mtayarishaji, mzalishaji au prodyuza?

SWALI: Msomaji wetu wa Mwanza, anayefanya kazi kwenye kampuni ndogo ya burudani, anauliza: "Tunatoa albamu ya msanii wetu, tunapiga filamu fupi, na tunataka kutangaza nafasi ya mtu wa kusimamia vipindi vya burudani redioni. Kote humo kuna prodyuza. Mwenzangu mmoja anaandika mzalishaji, mwingine mtayarishaji, na bosi anataka prodyuza kwa kuwa ndilo watu wanalolielewa. Lipi sahihi? Na je, neno moja linatosha kwa hao wote?"

JIBU: Andikeni mtayarishaji, lakini msiliache peke yake, semeni ni mtayarishaji wa nini. Prodyuza ni neno la mazungumzo na la kurasa za burudani, wala si kosa. Mzalishaji waachieni wenye viwanda vya saruji na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Tuanze na hilo la mwisho. Kuzalisha kuna maana mbili zilizozoeleka: kumsaidia mama ajifungue, na kufanya mazao au bidhaa zipatikane. "Mzalishaji wa filamu" lilizaliwa na mtu aliyefungua kamusi ya Kiingereza, akakuta maana ya kiwandani imetangulia, akaichukua na kufunga kitabu. "Uzalishaji wa filamu" linaweza kupita mnapozungumzia sekta nzima, yaani filamu ngapi zinatoka kwa mwaka, kwa sababu hapo mnahesabu pato. Kwa mtu mmoja mwenye jina lake kwenye skrini, halikai.

Mtayarishaji limejengwa vizuri: tayari, tayarisha, mtayarishaji, na ile -ji ya mwisho inaonyesha kwamba kazi hiyo ndiyo shughuli yake. Wapo wanaolipinga wakidai kuwa kutayarisha ni kazi ya mwanzo tu, ilhali mtu huyu yupo hadi mwisho. Hoja yenyewe ni dhaifu. Kutayarisha ni kukifanya kitu kiwe tayari, na filamu haiwi tayari siku kamera inapowashwa. Mtayarishaji hutafuta mswada na haki ya kuutumia, huandika bajeti, husaka fedha, huajiri mwongozaji, hufuatilia kibali Bodi ya Filamu, huhakikisha wasanii wanakula na kulipwa, hufuatilia uhariri, kisha hukabidhi kazi kwa msambazaji. Akiacha katikati, hakuna kilicho tayari.

Msimchanganye na mwongozaji, ambaye vijana wa video humwita dairekta na Kenya huitwa pia mwelekezi. Kipimo chake ni rahisi. Anayeamua mhusika alie akiwa amesimama au ameketi ni mwongozaji. Anayeamua kuwa onyesho la usiku litapigwa kwa siku mbili badala ya nne, kwa sababu pesa ya jenereta inaishia hapo, ni mtayarishaji. Halafu kuna "mkurugenzi wa filamu" ambalo bado linaonekana kwenye mabango: mkurugenzi ana ofisi na halmashauri, haongozi waigizaji. Na yule ambaye hutajwa juu ya watayarishaji wengine, mara nyingi kwa sababu ameleta fedha au ana kauli ya mwisho, ni mtayarishaji mkuu. "Mtayarishaji mtendaji" ni tafsiri ya neno kwa neno ya "executive producer", kana kwamba wengine hawatendi.

Kwenye muziki mambo yana utata zaidi, na hapo ndipo neno likikosewa pesa hupotea.

Tangu enzi za maprodyuza Master Jay na P-Funk Majani jijini Dar es Salaam, prodyuza kwa msikilizaji wa Bongo Fleva ni mtu wa studio: anatengeneza biti, anarekodi sauti, anamiksi, mara nyingi anafanya na mastaringi (kuusawazisha wimbo kwa mara ya mwisho kabla haujatoka), na jina lake husikika mwanzoni mwa wimbo. Magazeti humwita mtayarishaji wa muziki, na kwa habari ya kawaida inatosha. Ila kwenye sheria, mtayarishaji wa rekodi ni mtu mwingine. Mkataba wa Roma wa 1961, wa kimataifa wa kulinda wasanii na wenye rekodi, unamtaja kuwa ni mtu au kampuni inayorekodi sauti kwa mara ya kwanza, na ule wa WIPO (Shirika la Miliki Ubunifu Duniani) wa 1996 ukaongeza kuwa ndiye anayeanzisha shughuli hiyo na kubeba jukumu lake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo inamhesabu mwenye rekodi ya sauti kuwa ni yule aliyefanya mipango ya rekodi hiyo kutengenezwa. Yaani aliyelipia studio na kuandaa kila kitu, hata kama hajui kugusa kinanda.

Sasa tazameni kinachotokea. Kampuni yenu inalipia studio, kisha mnaandika kwenye mkataba: "Mtayarishaji atapata asilimia 20 ya mapato." Mlimaanisha kijana wa biti. Mwaka mmoja baadaye wimbo unashika, naye anadai kuwa yeye ndiye mtayarishaji kama mlivyoandika wenyewe, kwa hiyo rekodi ni yake. Hata akishindwa, mtakuwa mmeshalipa wakili. Tena "mapato" yapi: ya rekodi au ya utunzi? Hizo ni haki mbili. Aliyetunga biti ni mtunzi pamoja na mwandishi wa maneno, na fungu hilo haliondoki kwa sababu tu amelipwa ujira wa studio.

Dawa yake ni kifungu cha tafsiri, mwanzoni kabisa mwa mkataba. Kwa mfano: "Katika mkataba huu, 'Mtayarishaji' maana yake ni Kampuni, iliyoanzisha na kugharimia kurekodiwa kwa nyimbo zilizotajwa kwenye Jedwali la Kwanza. 'Mtengeneza Muziki' maana yake ni mtu aliyetunga na kupanga ala za nyimbo hizo." Baada ya hapo kila kazi itajwe kwa jina lake: aliyerekodi sauti, aliyemiksi, aliyefanya mastaringi, hata kama wote ni mtu mmoja. Migao ya utunzi iandikwe kwa kila wimbo peke yake, na jumla ifike asilimia 100. Ikifika 105 kwa kuwa kila mtu aliongezewa kidogo ili asikasirike, usajili wa wimbo utakwama. Jina la kila mhusika mtakalompa msambazaji wa mtandaoni liwe lilelile la kwenye mkataba, herufi kwa herufi. Kwenye kava andikeni mnavyopenda. "Prodyuza" pale ni sawasawa, na mashabiki watamjua.

Tangazo la kazi nalo. Msiandike "Mtayarishaji wa Burudani", maana mtapata washereheshaji wa harusi na mapromota wa matamasha, na hawatakuwa wamekosea. Andikeni "Mtayarishaji wa Vipindi vya Burudani". Halafu sehemu ya sifa isijae maneno yaliyovushwa kutoka Kiingereza. "Mchezaji mzuri wa timu" litawaletea barua za mawinga. "Ataripoti kwa Meneja" hutufanya tumwone mtu aliyeshika daftari la kituo cha polisi. Semeni "atakuwa chini ya Meneja wa Vipindi". "Awe na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" halimwambii mwombaji chochote. Semeni analotakiwa kulifanya: "aweze kubadilisha kipindi kikiwa hewani mgeni asipofika".

Ujuzi wenyewe uelezwe kwa vitenzi na kwa vipimo. Kipindi cha dakika 60 chenye habari za dakika 5 na matangazo ya biashara ya dakika 12 kina dakika 43. Ukiweka nyimbo sita za dakika tatu na nusu, umetumia 21, zimebaki 22 za mahojiano, salamu na simu za wasikilizaji. Asiyeweza kupiga hesabu hiyo kabla ya saa ya kipindi ataikata nusu sentensi ya mgeni taarifa ya habari ikiingia. Kwa hiyo tangazo liseme: "apange mtiririko wa kipindi kwa dakika, atafute wageni na kuwathibitisha mapema, aandae maswali na dondoo za mtangazaji, ahariri sauti, na atunze orodha ya nyimbo zilizopigwa kwa ajili ya malipo ya mirabaha." Mwombaji akisoma hayo atajijua mwenyewe.

Mwisho, upatanisho, yaani maneno kufuata ngeli ya jina linalotajwa, maana mswada wa maandishi yenu mliotutumia pamoja na swali una makosa matatu ya aina hiyo. Wingi wa prodyuza ni maprodyuza, ila ni watu: maprodyuza wamekubali, si yamekubali; prodyuza wetu, si prodyuza yetu. Wingi wa mtayarishaji ni watayarishaji, bila ma- kutangulia. Na hili la "nyimbo hii imetayarishwa na" lifutwe kabla kava halijaenda kuchapwa: wimbo mmoja umetayarishwa, nyimbo nyingi zimetayarishwa. Albamu imetayarishwa, kipindi kimetayarishwa, filamu imeongozwa na fulani na kutayarishwa na fulani. Kuhusu tahajia, prodyuza, produza na produsa zote zinaonekana mitaani. Sisi tunatumia prodyuza kwa kuwa ndivyo linavyotamkwa, nanyi chagueni moja mshikamane nayo kila mnapoliandika.