Maswali ya Wasomaji: Magemu ya Ninja, Alama za Wahakiki na Kitufe cha R

Ndugu wahariri, nimepata gemu la ninja liitwalo Shinobi, la Nintendo 3DS, ile mashine ya magemu ya mkononi yenye skrini mbili. Wahakiki walilipatia alama za katikati, ila binamu yangu haambiliki, anasema hakuna gemu la ninja tamu kama hilo. Nimwamini nani? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Waamini wote wawili, kisha usome maneno badala ya namba. Shinobi hilo lilitengenezwa na Griptonite Games, Sega wakalitoa Novemba 2011. Metacritic, inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani kwa 100, inaliweka kwenye kundi la maoni mseto, ambalo kwa magemu ni kati ya 50 na 74. Wengi wakiona "mseto" wanaelewa "la kawaida", na hapo ndipo wanapopotea. Wahakiki kumi wakitoa 70 kila mmoja, wastani ni 70. Watano wakitoa 90 na watano 50, wastani ni uleule 70, lakini hilo la pili ni gemu linalopendwa sana na kuchukiwa sana. Magemu magumu ya ninja mara nyingi huangukia huko.

Tena alama zenyewe hubadilishwa kabla ya kujumlishwa. Nyota 3 kati ya 5 zinakuwa 60, ingawa aliyezitoa huenda alimaanisha "linafaa, linunue likishuka bei". Jarida la Famitsu la Japani lina utaratibu wake: wahakiki wanne, kila mmoja anatoa alama kwa 10, jumla kwa 40. Huo tunaupenda zaidi, maana unaona wazi nani kakataa na nani kakubali.

Kwa Shinobi, lawama zilienda kwenye picha zisizovutia na ugumu uliopitiliza. Sifa zikaenda kwenye mapigano, hasa kukinga. Kumbuka pia kwamba mhakiki anaandika akikimbizana na tarehe ya mwisho. Gemu linalotaka ukariri kila adui anatokea wapi linamkera kuliko linavyokukera wewe mwenye likizo nzima.

Unaposoma uhakiki wa gemu la aina hii, tafuta mambo matatu. Ukifa unarudishwa wapi? Ukiguswa, mhusika anarushwa nyuma? Vitufe vinaitika papo hapo? Ninja Gaiden la Famicom (mashine ya zamani ya Nintendo), la mwaka 1988, ndilo kipimo cha mambo mawili ya kwanza: ndege mmoja akikugusa ukiwa ukingoni unarushwa shimoni, na ukishindwa na mabosi wa mwisho, yaani maadui wakubwa wa kumalizia, unarudi mwanzo wa sehemu ya sita. Vitufe vyake havina lawama hata kidogo. Kwa hiyo anayesema "gumu" bila kueleza ni ugumu wa wapi, hajakusaidia kitu.

Kwenye hilohilo Shinobi, nakinga kwa R, kitufe cha begani upande wa kulia, lakini bado napigwa. Nakosea wapi? (Msomaji yuleyule)

Pengine unakishikilia. Kukinga kwa R si ngao ya kujifichia. Ni mkato mfupi unaotakiwa kugongana na pigo. Wengi wanabonyeza adui anapoinua silaha, na pigo linapofika kinga imeshaisha. Bonyeza silaha inaposhuka. Anza na anayerusha vitu, kwa sababu kitu kinachoruka unakiona safari yake yote, kisha ndipo uende kwa wenye panga. Zima kitelezi cha 3D (kinachofanya picha ionekane ina kina) unapojifunza: ukisogeza kichwa kidogo tu picha inajigawa mbili, unapoteza hesabu, na betri nayo inaliwa bure. Usione aibu kuanzia kiwango cha chini kabisa.

Nimeonyeshwa 3DS ya mtumba hapa Moshi. Nikague nini kabla ya kutoa pesa? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Kwanza kabisa, eneo la mashine. 3DS imefungwa kwa eneo: kadi ya gemu ya Marekani haisomi kwenye mashine ya Ulaya wala ya Japani. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, skrini ya juu utaona namba ya toleo, na mwisho wake kuna herufi: E ni Ulaya, U ni Marekani, J ni Japani. Hakikisha inalingana na kadi utakazopata. Duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa kwa mauzo tarehe 27 Machi 2023, kwa hiyo usidanganywe kwamba "utanunua tu humohumo". Ni kadi za mkononi tu.

Pili, chaja. Chaja ya Marekani imeandikwa 120V. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230V imekufa, na kubadilisha umbo la plagi hakupunguzi umeme. Soma maandishi madogo mgongoni mwake. Kama hayasemi 220V au zaidi, tafuta nyingine inayoendana na umeme wetu.

Tatu, kitufe cha R, maana kwenye Shinobi ndicho uhai wako, na vitufe vya mabegani huchoka mapema. Kupima hakuhitaji gemu: ukiwa kwenye menyu kuu bonyeza R, kamera inatakiwa kufunguka. Rudia mara ishirini, kwa kugusa kidogo na kwa nguvu, pembeni na katikati. Ikikataa hata mara mbili, dai upunguziwe bei. Mara nyingine ni vumbi tu, na fundi wa simu mwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea analitoa. Mara nyingine swichi imelika na ya kubadilisha inabidi iagizwe. Kagua bawaba pia: kioo kikilegea, waya unaopita humo hauko mbali kukatika.

Kwa magemu haya ya ninja, ninunue mashine ya Nintendo Switch ya kawaida au Switch Lite? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Lite, kama hutaiunganisha na televisheni. Ina msalaba halisi wa mwelekeo (kitufe kimoja cha kusogezea mhusika), wakati Joy-Con ya kushoto, kidhibiti kinachochomoka pembeni mwa Switch ya kawaida, ina vitufe vinne vilivyotengana, na kidole gumba kinachelewa kuhama kutoka kulia kwenda kushoto. Ubaya wake uko kwenye matengenezo. Kijiti cha kusogezea mhusika kikianza kujisogeza chenyewe, Joy-Con unaifungua peke yake, skrubu nne za pembe tatu nyuma, unabadilisha kijiti. Kwenye Lite inafunguliwa mashine nzima. Kabla ya kumpelekea fundi, jaribu kurekebisha vijiti kwenye mipangilio ya vidhibiti. Na kwa gemu la ninja sogeza mhusika kwa msalaba, kijiti utakitunza.

Kati ya magemu ya ninja, nianze na The Messenger au Cyber Shadow? (Msomaji, Pasua, Moshi)

The Messenger. Ni la Sabotage Studio ya Quebec, 2018, na lilishinda tuzo ya gemu bora la kwanza la studio huru kwenye The Game Awards mwaka huo. Ukifa, kijidubwana kiitwacho Quarble kinakurudisha karibu, kisha kinajilipa kwa vipande vya muda utakavyookota. Wahakiki walilalamikia nusu ya pili, yenye kurudiarudia njia, na walikuwa na haki. Cyber Shadow, 2021, kazi ya Aarne Hunziker wa Finland kwa sehemu kubwa, halina huruma: miiba inaua kwa mguso mmoja, na kwenye vituo, pale unaporudishwa ukifa, unalipia kujaziwa uhai. Lipia kile kilicho karibu na bosi kwanza.