Makaratasi kwanza, rangi baadaye

Dada, umeuliza hiyo nyumba ya Magomeni, hapa Mtwara, unayotaka kuiuza, uipake rangi kwanza au umwite dalali kwanza. Anza na makaratasi. Hati ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu mzee, dalali hata awe hodari vipi atakuletea watazamaji tu, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya shemeji iwe kwa maandishi. Pango la ardhi lipa, tunza risiti.

Halafu angalia juu. Hapa Mtwara chumvi ya bahari inakula mabati. Nilipouza yangu kule Shangani, mnunuzi alipanda ngazi akagonga bati kwa ufunguo, kutu ikammwagikia shati, bei ikashuka palepale. Mabati manne tu ningebadilisha!

Na dalali muandikishiane: asilimia yake, nani anailipa, na "cha juu", yaani hela anayoongeza juu ya bei yako akaitia mfukoni, hakuna. Hapo ndipo wengi tunaliwa. Ukiweza, subiri minada ya korosho ianze Oktoba, watu wana hela. Malipo yapitie benki, siyo mfukoni mwa dalali.