Kabla Hujamwachia Mtoto Mchezo wa Wanyama wa Anga za Juu

Jioni moja binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane, alinieleza kwa uhakika mkubwa kwamba dubu mweupe angeweza kuishi katika sayari ya Mirihi, kwa sababu ana manyoya mazito na huko ni baridi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wastani wa halijoto ya Mirihi ni kama nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri, na dubu mweupe kweli amejaliwa manyoya mengi na tabaka nene la mafuta. Wazo hilo alilipata katika mchezo wa video niliomwekea mwenyewe kwenye kishikwambi, mchezo unaojitangaza kuwa wa elimu, ambamo mtoto huchagua mnyama, humwongezea sifa kwa kutumia nyota alizokusanya, kisha humpeleka anga za juu aone kama atanusurika. Alinunua manyoya kwa nyota tano, dubu akavuka ngazi ya Mirihi, na somo likawa limeingia.

Kinachoudhi ni kwamba maelezo yaliyoandikwa ndani ya mchezo huo yalikuwa sahihi. Ukibonyeza picha ya sayari unasoma kwamba hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, kwamba kanieneo yake, yaani nguvu ambayo hewa hukandamiza nayo, haifiki hata asilimia 1 ya ile tuliyoizoea duniani, na kwamba takriban asilimia 95 ya hewa hiyo ni kabonidioksidi. Dubu aliyesimama katikati ya maelezo hayo alipaswa kufa mara moja, lakini alipewa alama 100. Tangu hapo nimecheza mchezo huo na mingine miwili ya aina yake kwa karibu mwaka mzima, nikiwa nimeketi kando ya mtoto, na ninachoweza kumshauri mzazi mwenzangu ni kwamba asiupime mchezo kwa wingi wa sayansi iliyoandikwa humo, bali aangalie kidole cha mtoto kinafanya nini ili ashinde. Maelezo mtoto huyaruka, ushindi haurukwi.

Swali lililotusaidia kuliko mengine yote ni fupi: sifa hii inahitaji nini ili ifanye kazi? Manyoya hayatengenezi joto, bali hunasa hewa karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisipotee. Mahali pasipo na hewa, manyoya hayana cha kunasa. Mabawa ya popo huhitaji hewa ya kusukuma, kwa hiyo popo hawezi kuruka mwezini hata kama mvutano wa huko ni moja ya sita tu ya ule wa dunia. Nyangumi huhifadhi oksijeni nyingi katika misuli yake, ndiyo maana anaweza kuzama kwa muda mrefu, lakini kila mara lazima arudi juu kuvuta pumzi. Baada ya wiki mbili binti yangu alikuwa akiuliza swali hilo mwenyewe kabla ya kutumia nyota zake, na wanyama walianza kuanguka mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye orodha yake, ingawa mchezo wenyewe uliendelea kuwashangilia.

Aliyebaki alikuwa dubu-maji. Huyu ni mdudu mdogo mwenye miguu minane, ambaye kwa kawaida urefu wake haufiki hata milimita moja, na ambaye huishi ndani ya utando mwembamba wa maji unaofunika kuvumwani (vimea laini vya kijani vinavyoota kwenye mawe na kuta), mchanga na matope. Mwezi wa Septemba 2007 madubu-maji waliokaushwa walirushwa kwa chombo kiitwacho FOTON-M3 na kuachwa wazi katika ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, kwa siku 10. Waliporudishwa na kutiwa maji, wengi wa wale waliokuwa wamekingwa dhidi ya mwanga wa jua waliamka, wakataga mayai, na mayai hayo yakaanguliwa. Waliopigwa pia na miali yote ya urujuanimno ya jua, ile mikali isiyoonekana kwa macho, walikufa karibu wote. Wachache sana ndio waliopona.

Hapa ndipo mzazi anapopaswa kusimamisha mchezo na kuzungumza, kwa sababu katika michezo yote mitatu niliyoiona dubu-maji hutembea juu ya Mirihi akirukaruka na kuokota nyota, jambo ambalo hawezi kulifanya kamwe. Anachofanya ni kujizima. Hupoteza karibu maji yote ya mwili wake, hukunja miguu, hujiviringisha kama kipipa, na shughuli za mwili wake hupungua hadi karibu kutokuwepo. Akiwa hivyo hali chakula, hakui, wala hazai. Amenusurika, lakini haishi huko, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo niliyotamani mchezo uifundishe kuliko rangi zote za sayari. Tena uwezo huo hakupewa kwa ajili ya safari. Kuvumwani hukauka jua linapowaka na hulowana mvua inaponyesha, na wazazi wa wazazi wake walipitia ukame huo kwa mamilioni ya miaka. Kwamba kipipa hicho kinastahimili pia ombwe ni matokeo ya ziada. Hata fuko asiye na manyoya, anayeweza kuvumilia dakika 18 bila oksijeni kabisa, ustahimilivu wake unahusishwa na maisha ya kusongamana katika mashimo yenye hewa chafu. Hakuna mnyama hata mmoja ambaye maumbile yake yametengenezwa na anga za juu, na mchezo unaosema vinginevyo unapaswa kusahihishwa kwa mdomo wa mzazi.

Tatizo la pili ni lile duka la sifa. Mtoto anaponunua ngozi nene kwa ajili ya mnyama aliyekwisha kuzaliwa, anajifunza kwamba mnyama huhitaji kitu, hukitaka, kisha hukipata. Nilijaribu kueleza uteuzi wa asili, yaani jinsi wenye sifa zinazofaa wanavyobaki na kuzaana, kwa maneno nikashindwa vibaya. Kilichofaulu ni vipande 20 vya karatasi na dadu. Kila kipande ni dubu-maji, na kila kimoja huandikwa namba kati ya moja na tano kuonyesha ukame anaoweza kuustahimili. Unatupa dadu, na wote wenye namba ndogo kuliko iliyotokea hufa. Kila aliyebaki hupata mtoto mmoja mwenye namba ileile, kisha unatupa tena. Baada ya mizunguko michache meza hujaa namba nne na tano, na hapo ndipo unapomuuliza mtoto ni karatasi ipi iliyobadilisha namba yake. Hakuna. (Mtaalamu wa biolojia atanilaumu kwa kuacha mabadiliko ya jeni, tuliyaongeza baadaye, kwa kumpa kila mtoto wa kumi namba ya kubahatisha.) Sita ikitokea, ukoo mzima unakwisha. Kwetu ilitokea katika mzunguko wa pili, na binti yangu alilalamika kwamba si haki. Nilimwacha alalamike.

Mfano mwingine uliotusaidia kutenganisha mambo ni wa buibui wawili, Arabella na Anita, waliopelekwa mwaka 1973 katika Skylab, kituo cha anga za juu cha Marekani, kutokana na pendekezo la mwanafunzi wa sekondari wa Marekani, Judith Miles. Utando wa kwanza wa Arabella ulikuwa wa ovyo, lakini baada ya muda alifuma utando unaokaribiana na wa kawaida. Binti yangu alisema kwamba buibui huyo amebadilika akawa wa anga za juu. Nilimuuliza kama watoto wa Arabella wangezaliwa wakijua kufuma bila uzito, akafikiri kwa muda mrefu, akasema hapana, wangelazimika kuanza upya kama mama yao. Mnyama mmoja kujizoeza katika maisha yake ni jambo moja, na ukoo kubadilika kwa vizazi ni jambo lingine. Sijaona mchezo wa watoto unaoyatofautisha mambo hayo.

Jiandae pia kwa swali la mbwa Laika. Mtoto akishajua kwamba wanyama halisi walirushwa, atataka kujua walirudi vipi, na michezo mingi humwonyesha mbwa huyo akitabasamu dirishani. Laika alirushwa na Umoja wa Kisovyeti tarehe 3 Novemba 1957 ndani ya Sputnik 2, hapakuwa na mpango wowote wa kumrudisha, naye alifariki saa chache baadaye kwa joto kali, ukweli ambao ulitangazwa waziwazi mwaka 2002. Nilimwambia hivyo hivyo. Alihuzunika siku hiyo, na kesho yake akauliza kwa nini mbwa hakupewa vazi kama la wanaanga, swali ambalo lilitupeleka kwa binadamu, mnyama pekee anayekwenda huko akiwa amebeba mazingira yake mgongoni.

Kosa moja dogo ambalo utalikuta karibu kila mahali ni kauli kwamba hakuna mvutano katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kituo hicho kiko umbali wa kilomita 400 hivi tu kutoka ardhini, na mvutano wa hapo ni karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Watu huelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja bila kukoma huku wakiizunguka dunia.

Kuhusu kununua, cheza ngazi tatu za kwanza peke yako na ushindwe kwa makusudi. Mchezo unaomwambia mtoto kwa nini mnyama wake amekufa unafaa kulipiwa. Ule unaoandika tu kwamba ajaribu tena, au unaomtaka atazame tangazo ili mnyama afufuke, uufute. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita nisingehangaika na lolote kati ya haya niliyoyaandika. Mwache afurahie picha.

Sisi tulimalizia nje ya skrini. Tulichukua kuvumwani kikavu, tukakiloweka usiku kucha, tukakikamua maji yake kwenye kisahani na kuyatazama kwa hadubini ya kukuza mara 40. Mara mbili za kwanza hatukuona kitu ila mchanga na minyoo myembamba. Mara ya tatu walikuwepo wawili, wakitapatapa polepole kwa miguu yao minane, na binti yangu aliwatazama kwa dakika nyingi bila kunipa zamu.