Barua kwa Daktari: Amegusa Uvimbe, Akaambiwa Bado Kijana

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa katika familia ya Wamarekani Weusi mjini Atlanta. Wifi yangu, mwenye umri wa miaka 37, amegusa kitu kigumu mfano wa punje ya kunde kwenye titi la kushoto, wala hakimuumi. Kliniki aliyokwenda ilimwambia kwamba bado ni kijana, asubiri hadi miaka 40 ndipo apigwe picha. Mama yao mdogo alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 44. Je, asubiri?
Mama Zuhura, Atlanta

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. Asisubiri. Miaka 40 aliyotajiwa ni ya mwanamke asiye na dalili yoyote, ambaye mwongozo wa kitaifa wa Marekani wa Aprili 2024 unamshauri apigwe mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, kila baada ya miaka miwili, kuanzia umri huo hadi 74. Mwenye uvimbe hafuati ratiba hiyo. Apimwe sasa, kwa mamogramu na ultrasaundi, na picha zisipoondoa shaka achukuliwe kinyama kikapimwe maabara. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini hakuna daktari anayeweza kulithibitisha hilo kwa kutazama umri wa mgonjwa, na kutouma kwake si dalili ya usalama.

Jibu alilopewa limenisikitisha, maana linawaumiza zaidi wanawake wa jamii yake. Wanawake Weusi wa Marekani huugua saratani ya matiti kwa kiwango kidogo kuliko weupe, ilhali kiwango chao cha vifo kinawazidi weupe kwa takriban asilimia 40. Aina isiyo na vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni wala protini ya HER2, ambayo hukua haraka na haisikii dawa za kuzuia homoni, huwapata mara mbili hivi ya weupe, na mara nyingi wangali vijana. Hata hivyo, pengo la vifo lipo pia katika aina zinazotibika vizuri zaidi, na hapo huwezi kuulaumu mwili: ni bima isiyotosha, majibu yasiyofuatiliwa, na matibabu yanayoanza yakiwa yamechelewa.

Aangalie pia ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, na uvimbe wa kwapani. Vitabu vingi husema titi huwa jekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama zambarau au weusi uliozidi.

Kama gharama ni kikwazo, aulize idara ya afya ya Georgia kuhusu mpango wa vipimo vya saratani ya matiti wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa wanawake wa kipato kidogo wasio na bima ya kutosha.

Habari ya mama yao mdogo aiseme waziwazi, kwa kuwa inatosha kumfanya aombe kupimwa jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na kasoro huongeza sana hatari ya saratani ya matiti. Chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani kinashauri tangu 2023 kwamba wanawake wote, hasa Weusi, wakadiriwe hatari yao kabla ya kuvuka miaka 25. Hapo namfikiria Zuhura, maana jeni hizo hurithiwa kwa upande wa baba pia. Ikiwa wifi yako atakutwa na kasoro, mume wako naye apimwe. Akiwa nayo, uwezekano wa binti yenu kuirithi ni nusu kwa nusu, na kipimo chake kitasubiri awe mtu mzima.