Mashavu yamekwisha, mapaja yapo pale pale: majibu kwa wanaopungua bila ulinganifu

Barua nyingi zilizonifikia hivi karibuni zina lalamiko moja: mtu anapungua uzito, mizani inathibitisha, lakini mwili haupungui pale anapotaka upungue. Nimezifupisha baadhi yake na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha aliyeandika. Zile zinazogusa ugonjwa nimezijibu kwa uangalifu zaidi, kwa sababu kuna kupungua kusiko na ulinganifu ambako ni kwa kawaida kabisa, na kuna kule kunakopaswa kuonwa na daktari.

Nina miaka 36 na nimepunguza kilo 9 kwa miezi mitano. Uso umesinyaa na matiti yamepungua hadi watu wananiuliza kama naumwa, ilhali nyonga na mapaja yangu yako vile vile. Ninakosea wapi?

Hukosei popote. Mafuta ya mwili huhifadhiwa ndani ya seli maalumu, na seli hizo huachia akiba yake zinapopokea amri ya homoni kama adrenalini na noradrenalini. Amri hiyo hupokelewa na vipokezi vilivyo kwenye utando wa seli, navyo ni vya aina mbili zinazopingana: vipokezi vya beta, ambavyo huharakisha kuvunjwa kwa mafuta, na vipokezi vya alfa-2, ambavyo hukuzuia. Seli za mafuta za nyonga na mapaja, hasa kwa mwanamke, zina nguvu kubwa zaidi ya alfa-2 kuliko seli za tumboni, kwa hiyo homoni ile ile inayozunguka katika damu yote huitikiwa upesi tumboni na kwa kusitasita mapajani. Estrojeni, homoni ya kike, ina mchango mkubwa katika mpangilio huu, na ndiyo sababu wanawake wengi huona mafuta yakielekea zaidi tumboni baada ya kukoma hedhi.

Kuna pia suala la hesabu ambalo husahaulika. Tuseme tabaka la mafuta limepungua unene kwa milimita 3 kuzunguka kiungo kizima. Mzunguko wa kiungo hicho utapungua kwa karibu sentimita 2, kiwe kinene au chembamba. Katika mkono wenye mzunguko wa sentimita 30, hizo sentimita 2 ni karibu asilimia 7, na mkono wa blauzi unaanza kupwaya. Katika paja la sentimita 66 ni asilimia 3 tu, na suruali inabana kama zamani. Paja limepoteza mafuta mengi zaidi kuliko mkono, lakini jicho halioni hivyo. Usoni ndiko hali inakoonekana upesi kuliko kwote, kwa kuwa mafuta ya huko yamo katika vifuko vidogo vilivyolala karibu na mifupa, na upungufu mdogo tu hubadilisha kivuli cha shavu. Matiti nayo ni mchanganyiko wa mafuta na tezi, na uwiano wake hutofautiana sana kati ya mwanamke na mwanamke, hivyo mmoja hupungua saizi mbili na mwingine haoni tofauti.

Naomba ulishike hili kwa moyo wote: mafuta ya mapaja na nyonga hayahusishwi na kisukari na magonjwa ya moyo kwa namna yanavyohusishwa mafuta yaliyo ndani ya tumbo. Mwili wako umeanza kuondoa yale yenye madhara zaidi. Usijinyime chakula kupita kiasi ili kulifuata paja, kwa kuwa utakaotangulia kuisha tena ni uso.

Nakunja tumbo mara 200 kila asubuhi na kitambi hakiondoki. Niongeze idadi?

Hapana. Msuli unaofanya kazi hauchoti mafuta yaliyo juu yake moja kwa moja. Seli za mafuta huachia asidi za mafuta kwenye damu, damu inazisambaza mwilini, na msuli wowote unaozihitaji huzichukua humo, ziwe zimetoka mgongoni, shingoni au tumboni. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walipima mikono ya wachezaji wa tenisi, watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiutumia mkono mmoja kuliko mwingine. Mkono wa kuchezea ulikuwa na misuli mikubwa zaidi, lakini tabaka la mafuta chini ya ngozi lilikuwa na unene ule ule katika mikono yote miwili. Sijaona mfano ulio wazi zaidi ya huo, kwa sababu mtu mmoja analinganishwa na nafsi yake, akiwa na damu ile ile na chakula kile kile.

Kukunja tumbo kunaimarisha misuli na kusaidia mgongo, kwa hiyo endelea kwa kiasi. Kitakachopunguza kitambi ni upungufu wa nishati wa mwili mzima, yaani kula kidogo kuliko unavyotumia kwa miezi, ukisaidiwa na kutembea, kukimbia, kuogelea au kazi yoyote inayotumia misuli mikubwa. Na ujue kwamba kitambi kina tabaka mbili. Yako mafuta ya ndani, yanayozunguka utumbo na viungo vingine, na yako ya nje, yale unayoweza kuyabana kwa vidole. Ya ndani kwa kawaida hutangulia kupungua kwa kasi, pamoja na yaliyojaa kwenye ini. Matokeo yake ni tumbo lililokuwa gumu kama ngoma kuwa laini na la kuning'inia kidogo, jambo linalowakatisha tamaa wanaume wengi ilhali ni dalili njema.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama jasho jingi ni mafuta yanayotoka. Jasho ni maji na chumvi, na utayarudisha kwa kunywa. Mafuta yanapochomwa hugeuka kuwa kaboni dioksaidi na maji: katika kila kilo 10 za mafuta yaliyotumika kikamilifu, takriban kilo 8.4 hutoka kwa njia ya pumzi.

Mimi na mdogo wangu tulianza pamoja, tunakula mezani pamoja na tunafanya mazoezi pamoja. Yeye amepungua tumbo, mimi nimepungua miguu. Mmoja wetu anadanganya?

Sidhani. Ndugu wa damu hushirikiana nusu tu ya urithi kwa wastani, na pahala pa kuweka mafuta na pa kuyatoa hutegemea sana urithi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1990 huko Quebec, Kanada, jozi 12 za vijana mapacha wa kufanana zililishwa kilokalori 1,000 za ziada kwa siku, siku 6 kati ya kila 7, kwa kipindi cha siku 100. Aliyeongezeka kidogo kabisa alipata kilo 4.3 na aliyeongezeka zaidi alipata kilo 13.3, ingawa ziada ilikuwa sawa kwa wote. Lakini pacha alifanana na pacha mwenzake kuliko alivyofanana na wengine, na mfanano huo ulikuwa mkubwa hasa katika mafuta ya ndani ya tumbo. Ikiwa watu wanaokula ziada ile ile wanatofautiana hivyo katika kunenepa, hakuna sababu ya kutegemea wafanane katika kupungua. Pongezaneni, na kila mmoja ajilinganishe na alivyokuwa yeye mwenyewe.

Wiki ya kwanza nilipoteza kilo 2.5, kisha mizani ikasimama kwa wiki tatu, lakini mkanda umesogea tundu moja. Niamini kipi?

Amini mkanda, na uielewe mizani. Mwili huweka wanga wa akiba, uitwao glikojeni, kwenye misuli na ini, na akiba hiyo hufikia takriban gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima. Kila gramu huambatana na karibu gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka, kwa hiyo kilo zile za mwanzo kwa sehemu kubwa hazikuwa mafuta. Baadaye hutokea kinyume: mazoezi mapya huifanya misuli iliyochoka ishike maji, chumvi nyingi hushika maji, na kwa wanawake siku za kabla ya hedhi hushika maji, hata mafuta yaliyopungua wiki nzima yakafichwa yote.

Jipime mzunguko wa kiuno mara moja kwa wiki mbili, na ufanye kwa namna ile ile kila mara. Simama wima bila kuvuta tumbo. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na upitishe utepe wa fundi cherehani katikati ya hapo, ukiwa umelala sawa mbele na nyuma, umegusa ngozi bila kuibana. Toa pumzi kwa kawaida, ndipo usome. Shirika la Afya Duniani hutaja sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake kuwa kiwango ambapo hatari ya magonjwa huanza kuongezeka, na 102 na 88 kuwa pale inapoongezeka sana. Pima pia nyonga, paja na mkono wa juu, uandike. Mtu anayetegemea kioo peke yake huona kile anachokichukia tu.

Ngozi ya mikono imelegea na makalio yamekuwa bapa. Je, kuna krimu?

Hakuna krimu inayorudisha ngozi iliyovutwa kwa miaka. Uwezo wa ngozi kujikaza hutegemea nyuzi za kolajeni na elastini, nazo hudhoofishwa na umri, sigara na jua kali. Kiasi cha uzito ulioondoka na muda ngozi ilivyokaa imevutwa vina uzito wao pia. Ipe mwaka mmoja au zaidi uzito ukiwa umetulia, na kama ngozi iliyobaki inakuletea michubuko au vipele, zungumza na daktari wa upasuaji.

Makalio bapa ni habari nyingine, kwani huenda umepoteza misuli pamoja na mafuta. Mtu anayepungua kwa kujinyima tu, bila mazoezi ya nguvu, anaweza kupoteza misuli na tishu nyingine zisizo za mafuta kiasi cha robo ya uzito wote ulioondoka. Fanya mazoezi ya kuchuchumaa na kunyanyua vitu vizito angalau mara mbili kwa wiki, punguza kasi ya kupungua, na ule protini ya kutosha, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, isipokuwa kama una ugonjwa wa figo, ambapo daktari ndiye wa kukupangia.

Shikamoo. Mama yangu amepungua sana sehemu ya juu, lakini miguu yake miwili imebaki minene kuanzia nyonga hadi kifundo, inamuuma akiibonyeza na hupata michubuko kwa kuguswa tu. Nyayo zake ni za kawaida. Ndugu wanasema hana bidii.

Marahaba. Waombe ndugu wasimhukumu kabla hajapimwa. Maelezo yako yanafanana na hali iitwayo lipedema, ambayo madaktari Allen na Hines wa Mayo Clinic nchini Marekani waliieleza mwaka 1940. Huwapata karibu wanawake pekee, mara nyingi huanza wakati wa balehe, ujauzito au kukoma hedhi, na mafuta yake huongezeka miguuni pande zote mbili, wakati mwingine na mikononi, huku nyayo zikisalimika. Mlo huyapunguza kidogo sana, na hilo halitokani na uvivu wa mtu. Soksi za kubana, mazoezi ya majini na kwa baadhi ya wagonjwa upasuaji wa kunyonya mafuta hupunguza maumivu. Mpeleke kwa daktari, ukisema wazi kwamba kuna maumivu na michubuko, maana bila maneno hayo huenda akaambiwa tu apunguze uzito.

Tofauti na hali ya mama yako ni mguu mmoja kuvimba ghafla, ukawa na joto, maumivu au rangi iliyobadilika. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na mgonjwa huenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikiambatana na kifua kuuma au pumzi kukata, ni dharura.

Natumia insulini. Nimepungua kote isipokuwa vivimbe viwili laini kando ya kitovu.

Bila shaka ndipo unapochomea sindano. Insulini inayoingizwa mahali pamoja mara kwa mara huchochea mafuta kukua hapo, na dawa inayoingia kwenye kivimbe hufyonzwa bila mpangilio, leo taratibu na kesho kwa kasi. Utahitaji kubadilisha sehemu za kuchoma kwa zamu, lakini zungumza kwanza na mtoa huduma wako, kwa sababu kipimo kile kile kikiingia kwenye ngozi nzima kinaweza kushusha sukari kupita kiasi.

Sijabadilisha chakula wala sifanyi mazoezi, lakini mapanja ya uso yamezama, mabega yamechongoka na watu wananisifu. Nilikuwa na kilo 70 mwaka jana, sasa nina 65. Nishukuru?

Usisubiri sifa zaidi. Kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia huhitaji uchunguzi, na kwa kilo 70 kiwango hicho ni kilo 3.5, ambacho umekipita. Kuzama kwa mapanja na kuchongoka kwa mabega kunaashiria misuli inayoisha. Sababu ni nyingi, nyingine nyepesi na zinazotibika: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kisukari, kifua kikuu, maambukizi ya VVU, msongo wa mawazo, matatizo ya tumbo, na pia saratani. Nenda ukapimwe wiki hii, ukiwa na uzito wako wa zamani umeandikwa kwenye karatasi pamoja na tarehe, na utaje homa, jasho la usiku, kikohozi, kiu au mabadiliko ya choo kama yapo.